Bao Hili ni la Nani?

Ijumaa, tarehe 11 Julai 2025, usiku, tulikuwa watu kumi au kumi na wawili tumekaa kwenye kijiwe cha kahawa huko Tandika, wilayani Temeke, wengine juu ya mabenchi na wengine juu ya makreti ya soda, macho yetu yakiikodolea runinga ndogo ambayo mwenye duka la jirani alikuwa ameitoa barazani kwa hisani yake, tukiitazama timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ikipambana na Afrika Kusini katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizokuwa zikichezwa Morocco. Afrika Kusini ndio waliokuwa mabingwa watetezi, na sisi siku nne kabla tulikuwa tumekwisha kufungwa na Mali bao 1 kwa 0. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyekuja pale kwa tamaa kubwa, ila kwa ule mchanganyiko wa mapenzi na mazoea unaomtoa mtu nyumbani kwake kwenda kuushuhudia msiba wake mwenyewe. Basi katika kipindi cha kwanza, hali sisi tunaugulia na kutafuna kashata, Opah Clement akazitikisa nyavu za mabingwa, na kijiwe kizima kikasimama, kahawa ikamwagika, na mtu mmoja ambaye hata leo sijui jina lake akanikumbatia kama ndugu yake aliyerudi kutoka safari ya mbali.

Kelele zilipopungua, mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, mwalimu wa madrasa aliyestaafu ambaye mtaa mzima humwita Maalim, akasema kwa sauti ya upole, "Msijisahau, wanangu. Bao hilo kalifunga Mwenyezi Mungu; binti kalipokea tu."

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake, akamjibu, "Shikamoo, Maalim. Lakini mbona juzi tulipofungwa na Mali hukusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyetufunga?"

Watu wakacheka, na Maalim naye akacheka, akaitikia marahaba, akapuliza kahawa yake, asijibu kitu. Afrika Kusini walisawazisha katika kipindi cha pili, mchezo ukaisha bao 1 kwa 1, tukatawanyika. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na lile swali, nalo halikuniacha, kwa kuwa niliona kwamba kijana yule, pengine pasipo kujua, alikuwa ametia kidole katika jeraha ambalo maulamaa na wanafalsafa wamelitibu kwa zaidi ya miaka elfu moja na bado halijapona: mja ana nini katika tendo lake?

Walioishughulikia mas'ala hii katika Uislamu waligawanyika mapema. Wako waliosema kwamba mwanadamu ni kama jani mbele ya upepo, hana hiari wala uwezo, na kila alitendalo analazimishwa. Na wako Mu'tazila, waliosema kinyume chake, kwamba mwanadamu huumba matendo yake mwenyewe, maana vinginevyo adhabu na thawabu zingekuwa dhuluma. Kati ya makundi hayo alisimama Imamu Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 wa Hijria, na wafuasi wake ndio walioshika usukani wa elimu ya itikadi katika pwani yetu hii ya madhehebu ya Shafii. Kauli yao ni kwamba Mungu huliumba tendo na mja hulichuma, na kuchuma huko wakakuita kasbu. Neno hili si geni kwetu: Mswahili husema fulani hana kazi wala kasibu, na mtu wa Tandika atasema kwamba uchuuzi wa mitumba ndio kasibu yake, hali hajapata kusikia hata mara moja jina la Imamu al-Ash'ari. Wabishi wa zamani waliifanyia mzaha kauli hiyo, wakisema kwamba ni fumbo lililo gumu kuliko swali lenyewe. Mimi nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa upande wa wenye mzaha, nikiona kwamba kumwambia mtu "hukuliumba bali umelichuma" ni kucheza na maneno. Na lililonibadilisha halikutoka kitabuni, lilitoka katika kumtazama mshambuliaji akifanya kazi yake.

Maana uwanja mzima hauna kazi ya ajabu kama hiyo. Kipa huuona mpira ukimjia, na beki huiona hatari ikimjia, na kiungo huwa katikati ya shughuli kama mama mwenye nyumba siku ya karamu. Bali mshambuliaji hukaa mbali na wenzake, amezungukwa na watu wasiomtakia heri, akingoja kitu ambacho yamkini kisije. Katika dakika 90 huenda akaugusa mpira mara chache kuliko mwenzake yeyote, na katika hizo chache, nyingi zikawa za kupokonywa, na katika zilizobaki, moja tu ikawa ndiyo. Mpira huo mmoja yeye hakuutengeneza. Umetoka kwa kipa, ukapita kwa watu watatu au wanne, ukagonga nundu ya nyasi, ukapeperushwa kidogo na upepo, beki wa upande wa pili akateleza, na ghafla uko mbele ya mguu wake. Mwenye kuhesabu sababu zote zilizoufikisha pale atachoka kabla hajaumaliza mnyororo. Na kama ni haki kuuliza bao ni la nani, basi Maalim wa Tandika hakukosea kusema kwamba aliyelifunga ana sehemu ndogo mno.

Walakini mtazame tena kabla mpira haujafika. Ametoka begani kwa beki hatua mbili, akasimama, akarudi moja, akaangalia mstari. Mara ishirini amekimbia mahali ambapo mpira haukuja, na mara ya ishirini na moja akakimbia tena kwa bidii ile ile kana kwamba hizo ishirini hazikuwapo. Lugha yetu imeliona jambo hili kwa uzuri kuliko lugha nyingi, kwa sababu kosa la mshambuliaji aliyetangulia mbele ya mabeki kabla ya wakati tunaliita kuotea, na kuotea asili yake ni kazi ya mwindaji, kukaa kimya mahali ukimngoja mnyama apite. Sheria ya mchezo, kwa hiyo, haikatazi kuingoja riziki, yakataza kuitangulia. Na atakayechelewa hukuta imeshapita. Kati ya hayo mawili pana nafasi nyembamba kama uzi, ambayo mshambuliaji hodari huishi ndani yake miaka yote ya kazi yake, na sioni neno linaloifaa kazi hiyo kuliko hilo la kasbu: hakuuumba mpira, lakini amejiweka pale unapopita.

Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliipanga tawakali, yaani kumtegemea Mungu, katika daraja tatu: ya mtu anayemtegemea wakili wake katika kesi, ya mtoto mchanga anayemtegemea mama yake, na ya maiti mikononi mwa mwenye kumwosha. Wengi hupenda kuitaja daraja ya tatu, kwa kuwa ina utukufu. Lakini ni Ghazali huyo huyo aliyesema kwamba mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyosha mkono kwa madai ya kumtegemea Mungu, hana tawakali, ana wazimu. Na hadithi ya ndege wanaotoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba, ambayo kila mtoto wa chuoni ameisikia, husimuliwa aghalabu kwa kutazama kule kushiba tu. Nadra utamsikia mtu akitaja kwamba ndege wale walitoka.

Hapa ndipo swali letu linapoiacha elimu ya itikadi na kuingia mitaani, maana ziko nyumba ambazo ndege wengine huruhusiwa kutoka na wengine hufungiwa. Mtu akipita jioni katika mitaa ya Mbagala, ya Tandale au ya Mwananyamala, atawakuta watoto wa kiume wamewekeana magoli ya mawe wanacheza chandimu, na pembeni, penye nafasi iliyobaki, mabinti wanacheza rede kwa mpira wa matambara uliotiwa ndani ya soksi kuukuu na kufungwa kamba. Nimeitazama rede mara nyingi na kustaajabu. Wawili husimama ncha mbili na kurushiana mpira kwa nguvu, na wa katikati hukwepa, huruka, hujipinda, huinama, na macho yake hayauachi mpira hata nukta moja. Yote atakayofundishwa mshambuliaji kuhusu mwili na nafasi yamo mle: kugeuka kwa mguu mmoja, kuhisi aliye nyuma bila ya kumtazama, kuondoka mahali kabla ya hatari kufika. Kisha binti afikapo miaka kumi na miwili au kumi na mitatu huambiwa kwamba sasa amekua, na mwili ule uliojifunza elimu yote hiyo huketishwa jikoni; na miaka ikishapita watu husema kwa utulivu kabisa kwamba mpira wa miguu mwanamke hakuandikiwa.

Neno hilo "hakuandikiwa" ndilo ninalolichukia katika habari hii yote. Sipingi kwamba yako yaliyoandikwa. Napinga mtu kufunga mlango kwa komeo, kisha akasimama nje na kusema kwamba aliye ndani hakukadiriwa kutoka. Wakristo jirani zetu wana mfano wao wa talanta, ambao ndio uliotupatia hata neno tunalolitumia kwa kipaji, wa yule mtumwa aliyekabidhiwa fedha na bwana wake akaenda akaifukia ardhini kwa woga. Mtumwa yule alihukumiwa kwa haki, maana aliifukia iliyokabidhiwa kwake, kwa mikono yake mwenyewe. Mfano haukusema atahukumiwaje mtu aliyeifukia talanta ya mwingine.

Mabinti waliopenya kabla ya ligi ya wanawake kuwapo walipenya kwa majina ya kuazima. Esther Chabruma, ambaye baadaye alikuwa kocha wa JKT Queens, mashabiki walimwita Lunyamila, kwa jina la Edibily Lunyamila, yule winga wa Yanga. Asha Rashid aliitwa Mwalala, kwa jina la Ben Mwalala, mshambuliaji kutoka Kenya aliyeichezea Yanga. Mwanahamisi Omary aliitwa Gaucho, na hata asiyefuatilia mpira anajua jina hilo limetoka Brazil. Watani waliowapa majina hayo waliwapenda, na katika mitaa yetu lakabu ni heshima, tena yapata kuwa kubwa kuliko jina la cheti. Lakini tafakari maana yake: tulipomwona mwanamke anatenda jambo vizuri, hatukuwa na kumbukumbu ya mwanamke mwingine wa kumfananisha naye, tukatafuta mwanamume wa karibu tukamvisha jina lake kama kanzu ya kaka. Mimi nami niliwaita hivyo kwa miaka, wala halikunipitikia akilini hata siku moja kuuliza mbona hakuna winga wa kiume aliyeitwa kwa jina la mwanamke.

Kizazi hicho ndicho kilichotufikisha katika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 2010, huko Afrika Kusini, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa. Walicheza michezo mitatu na kupoteza yote, 2 kwa 1 kwa wenyeji, 3 kwa 2 kwa Mali, na 3 kwa 0 kwa Nigeria, na ukiyatazama matokeo hayo kwa insafu utaona kwamba mawili ya kwanza yalikuwa ya tofauti ya bao moja tu, nao wametoka katika nchi ambayo ligi kuu ya wanawake ilikuwa bado miaka sita hivi mbele. Mwaka 2016 Mwanahamisi alifunga mabao mawili katika fainali ya kombe la CECAFA la Afrika Mashariki na Kati kule Jinja, Uganda, tukawashinda Kenya 2 kwa 1. Na ligi ilipoanza msimu uliofuata, Mlandizi Queens kutoka Pwani wakawa mabingwa wa kwanza, kisha ubingwa ukawa mali ya JKT Queens na Simba Queens kwa kupokezana. Mwaka 2021 Twiga Stars walialikwa katika kombe la COSAFA la nchi za kusini mwa Afrika, wakafika fainali, na Enekia Kasonga akafunga bao moja lililotosha kuwashinda Malawi. Wageni wakarudi na kikombe cha wenyeji. Inasikika kama ngano, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka huo huo wa 2021, mwezi wa Agosti, katika hafla iliyofanyika Ikulu ya Dar es Salaam kuwapongeza vijana wa kiume, Rais Samia Suluhu Hassan alisema maneno juu ya maumbile ya wachezaji wa kike na nafasi yao ya kuolewa, yaliyozua mjadala mkali ndani na nje ya nchi. Siyataji ili kumshitaki mtu, kwa kuwa siku ile hakusema ila yale yanayosemwa kila jioni katika vijiwe vya Temeke na Kinondoni, na nimeyasikia kwa masikio yangu tangu ujana. Uzito wake ulitokana na kiti alichokalia msemaji. Na ni Rais huyo huyo ambaye mwaka 2023 alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao ambalo Simba na Yanga wangelifunga katika mashindano ya Afrika, hata watu wakaliita "goli la mama". Basi tukajua bao lina bei. Kwa nini jambo lenye bei limtoe mwanamume katika umaskini na limharibie mwanamke umbo, hilo sijapata mwanachuoni wa kunieleza.

Huja pia hoja ya staha, nayo siidharau, maana mtu asiye na staha hana jambo la kumfundisha mwenzake. Lakini hoja hii imekwisha kupungua nguvu kuliko wanaoishika wanavyodhani. Tangu mwaka 2014 sheria za mpira wa dunia zinaruhusu mchezaji kujifunika kichwa, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza katika Kombe la Dunia akiwa na hijabu yake, na mpira haukukataa kwenda. Nchi ya Saudi Arabia, ambayo wengi wetu huitolea ushahidi, mpaka Januari 2018 haikuwaruhusu wanawake hata kuingia katika viwanja vya mpira kutazama. Leo ina ligi kuu ya wanawake, na katika klabu ya Al Nassr ya Riyadh yumo binti wa Kitanzania, Clara Luvanga, aliyetokea Yanga Princess, akapita Hispania kwa muda mfupi, akaenda kuwafungia mabao Waarabu na kuvaa medali za ubingwa. Bi huyu ameifikia riziki yake katika ardhi ile ile ambayo baadhi ya masheikh wetu waliitaja kwa kumzuia. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1947, alipoandika katika Sahifa na al-Islah miaka ya thelathini akiwahimiza watu wa pwani kuwasomesha watoto wa kike, aliambiwa maneno yanayokaribiana sana na haya, kwamba elimu itawatoa katika staha. Sidai kwamba angeupenda mpira wa miguu. Nasema tu kwamba hoja hiyo ni kongwe, imekwisha kutumika juu ya kalamu kabla ya kutumika juu ya mpira, na juu ya kalamu ilishindwa.

Ukitaka mfano wa nyumbani uko karibu zaidi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akaingia mji wa Unguja hana ukoo wala sura ya kusifiwa na wenye kusifu sura, na mwaka 1928 sauti yake ikapelekwa Bombay kutiwa katika sahani za santuri. Kabla ya hapo sauti ya mwanamke kufika barazani kwa wakubwa, achilia mbali kuvuka bahari, ingehesabiwa kuwa ni jambo ambalo hakuandikiwa. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti hakumwita kwa jina la mwimbaji wa kiume. Hilo la mwisho lanigusa mimi na majina yangu ya kina Gaucho.

Katika washambuliaji wa sasa, safari imekuwa ndiyo kazi yenyewe. Aisha Masaka aliondoka Yanga Princess mwanzoni mwa mwaka 2022, akiwa na miaka kumi na minane, akaenda Gothenburg, Sweden, katika klabu ya BK Häcken, na akiwa huko akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ya wanawake. Mwaka 2024 akahamia Brighton, akawa wa kwanza wetu katika ligi kuu ya wanawake ya Uingereza. Opah Clement alitoka Simba Queens akaenda Uturuki, kisha China, kisha Mexico. Ukiyasoma majina ya miji hiyo kwa mfuatano utadhani unasoma daftari la baharia wa zamani. Watu huiona fahari tu, nami naiona, lakini huwaza pia juu ya msichana wa miaka kumi na minane anayeamka Januari katika mji ambao jua huzama saa kumi alasiri, asiyejua lugha ya mtu yeyote aliye karibu naye, na ambaye kazi yake, kama tulivyosema, ni kungoja mpira ambao pengine hautakuja. Na pengine jina lake halitasomwa hata katika orodha ya wachezaji wa akiba. Huko hamna kijiwe wala Maalim wa kumwambia kwamba amepokea tu. Iwapo tawakali ina daraja ya nne ambayo Ghazali hakuitaja, nadhani yaweza kuwa ni hiyo ya kukaa benchi ughaibuni.

Na hapa nyumbani? Niliwahi kwenda Mbweni, mwisho kabisa wa Kinondoni, katika uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, kuwatazama JKT Queens. Kutoka Temeke ni safari ya kuukata mji mzima kwa daladala, ukianza na harufu ya bandari na kumalizia na miti na upepo wa bahari wa kaskazini. Uwanja ule ni nadhifu, na mchezo ulikuwa mzuri, lakini watazamaji tulikuwa wachache kiasi cha kusikia kila neno walilosemezana wachezaji: "Geuka, uko peke yako!", "Mwache, mwache aotee!", "Dada, mpira!" Mshambuliaji alipofunga, shangwe yetu ilikuwa kama ya watu wa harusi waliofika kabla ya muda. Nikakumbuka Uwanja wa Mkapa pale Temeke, siku Simba na Yanga wanapokutana, na zile roho elfu sitini zinazopiga ukelele mmoja. Je, bao lile la Mbweni lilikuwa dogo zaidi? Nyavu zilitikisika kiasi kile kile. Kwa kweli niliona kwamba lilikuwa bao safi kuliko mengi niliyopata kuyaona, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya mwenyewe. Sisi mashabiki, ambao siku ya ushindi husema "tumefunga", siku ile hatukuwa na idadi ya kutosha kusema hivyo.

Jumatatu iliyofuata mchezo wa Afrika Kusini, tarehe 14 Julai, tulirudi kijiweni kuwatazama Twiga Stars na Ghana. Tulifungwa 4 kwa 1, tukatoka katika mashindano. Bao letu moja lilifungwa na Stumai Abdallah, na katika kijiwe kizima hakutokea mtu wa kuuliza kama ni lake au ni la Mungu. Watu waliondoka mmoja mmoja, mwenye duka akazima runinga yake, kijana wa bodaboda akapata abiria. Tukabaki mimi na Maalim na muuza kahawa aliyekuwa akikusanya vikombe.

Nikamwuliza, "Maalim, lile swali la kijana hukulijibu."

Akanyamaza muda, kisha akasema, "Mwanangu, nimelifikiri siku tatu. Kufunga ni kasbu, sawa. Na kuzuia je?"

Sikumfahamu. Akaniambia kwamba zamani, alipokuwa bado anasomesha, alimkuta mwanafunzi wake mmoja wa kike, binti mwepesi kama swala, anacheza mpira na wavulana nyuma ya madrasa wakati wa mapumziko, naye amewapita watatu na kuutia mpira kati ya mawe mawili. Akamwita, akamkaripia mbele ya wenzake, akauchukua ule mpira. Ulikuwa wa matambara, umetiwa ndani ya soksi na kufungwa kamba ya katani. Binti yule hakucheza tena, na mwaka uliofuata hakuja chuoni.

"Mpira ule niliutia chini ya msahafu wangu, katika sanduku, nikisema nitamrudishia akikua," akasema Maalim, akisimama na kuutafuta mkongojo wake gizani. "Mpaka leo ninao. Jina lake ndilo nililolisahau."

Nikamshika mkono kumvusha mtaro.